Migebuka kwa Mawese Kibirizi: Mgahawa Usioficha Upungufu wa Ziwa

Mgahawa ninaouzungumzia hauna kibao mlangoni, na wateja wake huuita kwa jina la mama anayeupika, jina ambalo sitaliandika kwa kuwa sikumwomba ruhusa. Uko mwendo mfupi kutoka mwalo wa Kibirizi, mjini Kigoma. Una meza nne, na mabenchi yake mawili yanayumba. Tangu mwanzoni mwa 2024 nimekula hapo mara tano, na mara mbili kati ya hizo sikupata samaki niliyemfuata, yaani mgebuka wa Ziwa Tanganyika.

Alipopatikana, alistahili safari. Mgebuka hukaangwa kidogo ili nyama ishikane, kisha hupikwa taratibu katika mawese yaliyokwisha kuchemshwa hadi ukali wake ukapungua, pamoja na nyanya, kitunguu na pilipili, na huletwa na ugali wa muhogo. Nyama haivurugiki, mchuzi haulemei tumbo, na mpishi haongezi chumvi kwa kuficha samaki aliyelala. Sahani huuzwa kwa ukubwa wa samaki, ambaye mteja huonyeshwa kabla hajaingia chunguni.

Niliporudi safari ya tatu, niliambiwa kwa upole, "Leo ni maharage tu, mwanangu. Wadogo walikuwepo mwaloni, sikuwachukua." Nilikasirika kidogo, maana nilikuwa nimetoka Ujiji kwa ajili ya samaki huyo, lakini baadaye niliona kwamba jibu lile lilikuwa na thamani kuliko sahani ya vichanga wanne waliopangwa wakaonekana wengi.

Mgebuka ni samaki mwindaji. Akiwa mchanga hula wadudu wadogo wanaoelea majini na uduvi. Akikua, hasa upande huu wa kaskazini wa Ziwa Tanganyika, hufuata makundi ya dagaa. Dagaa wakipungua, yeye hafi siku ile ile. Hurudi kwenye uduvi, kama wanavyoishi kwa kiasi kikubwa migebuka wa kusini ambako dagaa ni haba zaidi, na pengine hula hata wadogo wa jamii yake. Kwa hiyo upungufu wa mawindo huweza kuonekana kwanza katika tabia na tumbo la mwindaji kabla haujaonekana katika idadi yake, na anayehesabu samaki mwaloni peke yake huchelewa kuujua.

Kuna na tofauti ya umri. Dagaa huishi takriban mwaka mmoja, huzaa mapema na kwa wingi, na kwa hiyo wakipumzishwa hurudi upesi. Mgebuka huchukua muda mrefu zaidi kukomaa, na akivuliwa kabla hajazaa, hata dagaa wakijaa tena hakuna wa kuwala. Ndiyo maana naona uamuzi wa mpishi wa kukataa wadogo una maana kuliko mabango mengi niliyowahi kusoma. Sangala wakubwa, ambao nao ni wawindaji wa ziwa hili, wametufundisha jambo hilo: katika maji ya Zambia walipungua sana baada ya meli za nyavu kubwa za kuzungushia kuanza kazi katika miaka ya 1960, na mgebuka ndiye aliyebaki kutawala mavuno ya meli hizo.

Wavuvi hawabebi lawama yote. Utafiti uliochapishwa mwaka 2003 ulieleza kwamba maji ya juu yamepata joto na pepo zimelegea, hivyo rutuba iliyo kilindini haipandi kama zamani. Ulikadiria kuwa uzalishaji wa mimea midogo ya majini ulishuka kwa takriban asilimia 20, na kwamba mavuno ya samaki yangeweza kushuka kwa takriban asilimia 30. Mimea hiyo ndiyo chakula cha wadudu wanaoliwa na dagaa, na njaa inayoanzia chini hupanda ngazi hadi kwa mgebuka, kisha hadi kwenye sahani ya Kibirizi.

Serikali ilipofunga uvuvi ziwani kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, 2024, mgahawa huu haukufungwa. Nilikula hapo mbuzi wa mchuzi, wa kawaida tu, na sikusikia mtu akinong'onezwa kwamba kuna samaki jikoni. Katika mgahawa mwingine wa mjini, ambao sitautaja, katika kipindi hicho hicho niliuziwa kwa bei ya mgebuka wa siku hiyo samaki aliyekaa kwenye barafu hadi nyama ikawa kama pamba.

Kasoro zipo. Maji ya kunawa huisha mapema, mhudumu ni mmoja, na bei hupanda kwa ghafla bila kuandikwa popote. Mara ya mwisho nililipa shilingi 8,000 kwa samaki ambaye miezi michache kabla nilimlipia 6,000, ingawa sioni namna mpishi angeikwepa bei ya mwaloni. Mabenchi yangeweza kutengenezwa kwa misumari mitatu.

Anayekusudia kwenda afike kabla ya saa saba mchana, na aepuke siku za mbalamwezi, kwani taa za wavuvi hazivuti dagaa vizuri mwezi ukiwa mkubwa, na mgebuka huvuliwa akiwafuata dagaa hao kwenye mwanga.