Fundi wa Luthuli Avenue aliyepima joto kabla ya kushika bisibisi

Kwa muda wa miezi minne laptopu yangu ilikuwa ikinguruma kila nilipofungua mchezo wa kandanda, nami nilikuwa nimejizoesha kuamini kwamba hiyo ni sauti ya kawaida ya mashine inayofanya kazi nzito. Feni ilianza kuvuma kwa chini wakati timu zikiingia uwanjani, na baada ya dakika ishirini za kucheza ilikuwa imepanda na kuwa sauti moja kali, nyembamba, isiyokatika, iliyopenya ukuta hadi kwa jirani. Kelele hiyo ningeivumilia. Kilichonishinda ni kwamba mchezo wenyewe nao ulianza kukwama: mchezaji anapiga shuti, picha inasita, na inaporejea mpira umekwisha kudakwa. Sehemu ya juu ya kibodi, karibu na bawaba za skrini, ilipata moto kiasi kwamba sikuweza kuuacha mkono wangu hapo.

Kabla ya kufika kwa fundi ninayemwandikia tathmini hii, nilikuwa nimetumia pesa mara mbili bila faida. Kwanza nilinunua kibao chenye feni mbili za kuwekwa chini ya laptopu, kwa shilingi 2,600, nacho kikapunguza joto kidogo sana huku kikiongeza kelele yake juu ya ile iliyokuwapo. Kisha nikapeleka mashine kwenye duka jingine katikati ya jiji, ambako kijana wa kaunta alielekeza blowa kwenye matundu ya pembeni kwa muda usiozidi dakika mbili, vumbi jepesi likaruka, nikalipa shilingi 1,000 na kuambiwa imesafishwa. Ililia vilevile usiku uo huo.

Karakana ninayoisifu hapa iko ghorofa ya pili ya jengo moja la Luthuli Avenue, jijini Nairobi, juu ya maduka ya spika na televisheni. Ni chumba kidogo chenye meza mbili, taa kali na mkeka wa mpira wenye vijisanduku vya kuwekea skrubu. Fundi ni dada mmoja mtulivu asiyependa maneno mengi. Nilipoanza kumweleza jinsi feni inavyolia, alinisikiliza hadi mwisho, kisha akasema, "Kelele nimeielewa, kaka. Sasa tuone joto." Hakugusa bisibisi. Aliweka programu ya HWiNFO, ambayo hutolewa bila malipo na husoma vipimo vya ndani ya kompyuta, akaniomba nifungue mchezo uleule unaonisumbua, na tukakaa dakika ishirini tukitazama tarakimu. Prosesa, yaani kile kijenzi kinachofanya hesabu zote za kompyuta, ilifika nyuzi 99 na kubaki hapo. Feni ilikuwa ikizunguka mara 5,400 kwa dakika. Kasi ya prosesa, iliyoanza kwenye gigahezi 3.8, ilikuwa imeporomoka hadi 2.1, na fremu, yaani picha zinazoonyeshwa kwa sekunde moja, zikashuka kutoka 60 hadi 31.

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba kukwama kwa mchezo na kelele ya feni vilikuwa na chanzo kimoja. Prosesa nyingi za Intel za laptopu zimewekewa kikomo cha nyuzi 100, na zinapokikaribia hujipunguzia kasi zenyewe ili zisiungue. Feni inazunguka kwa nguvu zake zote, joto halitoki, na mashine inaamua kufanya kazi polepole. Kwa hiyo mtu anayetafuta tu jinsi ya kuinyamazisha feni anatafuta mahali pasipo na tatizo, na ninasema hivi nikijua kwamba kwa miezi minne hilo ndilo nililokuwa nikilitafuta mimi.

Alipofungua kifuniko cha chini aliniita nisogee karibu, na jambo nililoliona halijanitoka akilini. Ndani ya laptopu kuna mabomba bapa ya shaba yenye maji kidogo sana ndani yake. Maji hayo huvukizwa na joto la prosesa, mvuke husafiri hadi mwisho wa bomba, hupoa na kurudi tena kuwa maji. Mwisho huo wa bomba umeshikanishwa na vibati vyembamba vilivyopangwa kama meno ya kitana, na feni hupuliza hewa katikati yake. Kati ya feni na vibati hivyo palikuwa na utandu wa vumbi na nyuzi za nguo, wa rangi ya kijivu yenye wekundu wa udongo wetu, ulioshikana kiasi kwamba aliunyanyua kwa kibano ukatoka kipande kizima, kama kipande cha blanketi. Upana wake ulikuwa sawa na kidole changu cha shahada. Blowa ya lile duka la kwanza isingeweza kuutoa kamwe, kwa sababu ulikuwa upande wa ndani: ukipuliza kutoka nje unausukuma tu kuelekea kwenye feni, na feni yenyewe ikizungushwa na upepo kupita kasi iliyotengenezewa inaweza kuharibika. Yeye alipopuliza mabaki, aliizuia feni kwa kidole isizunguke.

Baada ya hapo aliinua mabomba ya shaba na kunionyesha pesti ya kupitisha joto iliyokuwa juu ya prosesa, ikiwa imekauka na kupasuka kama tope la ukingoni mwa bwawa wakati wa kiangazi. Pesti hiyo inaonekana kitu kidogo, lakini kazi yake ni kubwa. Uso wa prosesa na uso wa shaba, hata ukivipapasa ukaviona laini, vina mashimo madogo yasiyoonekana kwa macho, na yakijaa hewa joto linashindwa kuvuka, kwa kuwa hewa hupitisha joto vibaya mno ikilinganishwa na shaba. Alifuta pesti ya zamani kwa kitambaa chenye spiriti, akapaka mpya, na akakaza skrubu kwa mshazari, kidogo kidogo, ili shaba ikae sawasawa.

Nilimuuliza swali ambalo binamu yangu wa Mombasa huniuliza kila mara, kwamba iweje mashine ichemke Nairobi ambako Julai watu huvaa makoti ndani ya nyumba. Jibu lake lilinipendeza. Jiji letu liko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na shinikizo la hewa hapa ni karibu asilimia 82 ya lile la pwani, hivyo kila mzunguko wa feni unabeba hewa pungufu na kuondoa joto pungufu. Baridi yetu inafidia sehemu ya hasara hiyo, lakini haifidii vumbi, na yeyote aishiye karibu na barabara inayojengwa anajua ni vumbi la namna gani ninalolizungumzia.

Alipomaliza tulirudia kipimo kilekile, kwa mchezo uleule na kwa dakika ishirini. Prosesa ilitulia kwenye nyuzi 84, feni ikazunguka mara 4,200, kasi ikabaki gigahezi 3.6, na fremu hazikushuka chini ya 58. Kisha akagundua jambo ambalo sikuwa nimelifikiria: skrini yangu huonyesha fremu 60 kwa sekunde, lakini mchezo ulikuwa umeachwa bila kikomo, na kwenye menyu tu kadi ya grafiki, inayochora picha za mchezo, ilikuwa ikizalisha zaidi ya fremu 110 zisizoonekana na mtu. Tuliweka kikomo cha 60 na joto likashuka hadi nyuzi 77, bila gharama yoyote. Alinisihi pia nisiweke tena laptopu juu ya kitanda, kwa kuwa matundu ya kuvutia hewa yako chini na godoro huyaziba.

Malipo yalikuwa shilingi 2,000, pamoja na pesti, na ninayaona ni ya haki. Hata hivyo, yako mambo yaliyonikera. Nilisubiri kwa muda wa karibu saa tatu kabla ya kuhudumiwa, katika ukumbi usio na kiti hata kimoja, ilhali nilikuwa nimepiga simu na kupewa saa. Risiti iliandikwa "huduma" tu, bila kutaja aina ya pesti wala muda wa dhamana, na mteja anayerudi baada ya miezi miwili hana cha kuonyesha. Nilipofika nyumbani Roysambu niligundua skrubu moja ya kifuniko haipo. Niliporudi kesho yake aliipata mkekani, akaifunga bila ubishi na kuniomba radhi, lakini nauli ya kwenda na kurudi ilikuwa juu yangu, na kuhesabu skrubu kabla ya mteja kuondoka hakuchukui hata dakika mbili.

Pamoja na hayo nitarudi kwake, na nimekwisha kumpeleka rafiki ambaye laptopu yake ya mtumba huzimika ghafla akicheza mbio za magari. Sasa ni miezi mitatu tangu kazi ifanyike. Juzi Jumapili nilirudia kipimo chumbani mwangu, laptopu ikiwa juu ya meza na vitabu viwili vikiwa vimeinua upande wake wa nyuma, na prosesa ikasoma nyuzi 78. Feni bado inasikika ninapocheza, kwa mvumo wa chini usiopanda, na mlango ukifungwa jirani hausikii.