Orodha za Spamhaus: huduma ya kuzuia barua taka inayotoa sababu

Anayesimamia seva ya barua pepe ya chama cha wahitimu, cha wakazi au cha wakulima hana uwezo wa kukagua peke yake kila anayebisha hodi, kwa hiyo hutegemea orodha za anwani za kuzuiwa zilizoandaliwa na wengine. Miongoni mwa zinazotumika zaidi ni za Spamhaus, taasisi iliyoanzishwa na Steve Linford mwaka 1998. Nimezitumia kwenye seva ya chama chetu, na hapa napima jambo moja tu: je, mtu ambaye barua yake imekataliwa anaweza kujua ni nani aliyemkataa, kwa kanuni ipi, na afanye nini?

Kwa sehemu kubwa, anaweza. Barua ikitoka kwenye anwani ya IP (namba ya kompyuta kwenye intaneti) 192.0.2.25, seva yetu huigeuza anwani hiyo na kuuliza, kupitia DNS, yaani mfumo wa majina ya intaneti, jina 25.2.0.192.zen.spamhaus.org. Anwani isiyomo orodhani haipati jibu. Iliyomo hujibiwa kwa tarakimu zenye maana: 127.0.0.2 ni SBL, ya vyanzo vinavyojulikana vya barua taka, 127.0.0.4 ni XBL, ya kompyuta zilizotekwa na programu hasidi, 127.0.0.10 na 127.0.0.11 ni PBL, ya anwani ambazo kwa sera hazipaswi kutuma barua moja kwa moja, kama zile za intaneti ya nyumbani. Tofauti hii naithamini sana, kwa sababu aliyemo kwenye PBL hatuhumiwi kosa lolote, na si haki kumjibu kama tapeli. Seva iliyopangwa vizuri humrudishia mtumaji msimbo 550 (barua imekataliwa), jina la orodha iliyomzuia na kiungo cha ukurasa wa kuangalia anwani yake, naye akikidhi masharti huomba kuondolewa bila malipo.

Hilo la malipo si dogo. Waraka wa RFC 6471, mmoja wa nyaraka za kitaalamu za intaneti, uliotolewa Januari 2012 kuhusu uendeshaji mwema wa orodha hizi, unataka vigezo vya kuingiza na kuondoa anwani viwe wazi kwa umma, na unaonya kwamba kumtoza aliyezuiwa ili aondolewe kunakaribia mno unyang'anyi. Mwenye orodha asipate faida kwa kumweka mtu kifungoni.

Linganisha na mtoa huduma mmoja wa barua pepe, ambaye simtaji, aliyepokea matangazo ya mkutano wetu mkuu, akajibu 250 kwamba yamefika, kisha asiyafikishe kwa wanachama wala kwenye kikasha cha taka. Tulipouliza, tuliambiwa kwamba sera zao za usalama ni siri. Wanachama waliokosa mkutano walidhani wametengwa kwa makusudi, na hatukuwa na ushahidi wowote wa kuwaonyesha. Barua iliyokataliwa waziwazi ina nafuu, kwani mtumaji hupiga simu au hutafuta njia nyingine siku hiyohiyo.

Spamhaus nao wana mapungufu. Kuondolewa kwenye SBL huombwa na mwenye mtandao, si mpangaji wa seva, hivyo chama kidogo kilichokodi anwani iliyochafuliwa na mwingine hubaki kumsubiri mtoa huduma asiye na haraka. Anwani za mitego ya kunasia watumaji taka hazitajwi. Hilo nalikubali, maana mtego unaojulikana haunasi tena. Linalonisumbua zaidi ni hatari kwa msimamizi mgeni: akiuliza kupitia DNS ya umma kama 8.8.8.8 ya Google, hujibiwa 127.255.255.254, ambayo ni taarifa ya kosa la matumizi, na seva inayochukulia kila jibu kuwa ni zuio itakataa barua za watu wote. Maelezo yapo kwenye tovuti yao, lakini yalistahili kuwa mstari wa kwanza kabisa wa mwongozo.

Kwa chama chenye barua chache na kisicho cha biashara, matumizi ni bure, nami naipendekeza huduma hii kwa sharti kwamba msimamizi aweke DNS yake mwenyewe na asifute sababu kwenye ujumbe wa kukataa. Sisi tumeongeza kwenye fomu ya kujiunga majina ya orodha tunazozitumia, pamoja na namba ya simu ya katibu, ili aliyezuiwa kwa barua pepe asilazimike kulalamika kwa barua pepe.