Dawa ya kutoa gundi ya nyuki iliyonilia chujio

Nimejizuia kuandika haya kwa siku kadhaa nikisubiri hasira ishuke. Haijashuka, basi naandika nayo hivyo hivyo.

Ni ile dawa ya maji ya kuondoa nta na gundi ya nyuki kwenye vifaa, inayouzwa katika dumu dogo lenye picha ya mzinga. Mfugaji yeyote wa nyuki ataelewa kwa nini nilivutiwa. Nta haina ukorofi: ukiipa maji ya moto yaliyopita nyuzi 64 inayeyuka na kuelea, unaacha yapoe, unaiokota juu kama kifuniko. Gundi, ule utomvu nyuki wanaozibia nyufa za mzinga, ndiyo mtihani. Ikipata joto inanata na kuvutika, maji haiyajui, na ukiisugua unaihamisha tu, kutoka kwenye patasi ya kufungulia mzinga hadi kwenye tambara, kutoka kwenye tambara hadi vidoleni, kutoka vidoleni hadi kitasa cha mlango.

Nilianza na patasi, na hapa lazima niseme kweli. Niliichovya, nikaenda kukung'uta nguo za kazi. Niliporudi, lile tabaka la hudhurungi lililoganda kwenye mkunjo wa patasi kwa misimu yote hii lilikuwa limelegea, likafutika kwa tambara mara moja. Nilipiga kigelegele peke yangu uani.

Kwa furaha hiyo hiyo nikachovya chujio la asali. Ni la alumini, la wavu mwembamba, aliniachia marehemu baba. Lebo inasema kwa herufi kubwa: SALAMA KWA VIFAA VYOTE. Dakika chache tu nikasikia mchemko. Moto hakuna, lakini beseni linatoa povu, na nilipogusa ubavu wake nikakuta una joto. Nikalitoa chujio kwa koleo. Limekuwa jeusi, na nilipolisuuza wavu ukaachana na ukingo, pengo la kupitisha kidole gumba. Chujio lililokuwa likichuja asali kabla mimi sijajua kushika bomba la kufukizia nyuki moshi!

Hiyo ndiyo tabia ya kostiki soda ikikutana na alumini. Gesi inayotoka kwenye povu lile ni haidrojeni, inashika moto, nami nilikuwa nimeliinamia beseni. Kwenye lebo hakuna neno kostiki, wala alumini, wala onyo la kuvaa glavu.

Nikampigia muuzaji. Nilimweleza taratibu, bila kupandisha sauti. Akanijibu, "Mama, wewe ndiye wa kwanza kulalamika. Labda hicho chombo chako kilishachakaa." Nikamwambia, kijana wangu, basi andikeni tu kwamba isiguse alumini, mwingine asije akaumia. "Mama, watu wazima wanajua vifaa vyao." Akakata simu. Nimerudia kupiga, haipokelewi.

Nilikusudia kuipa nyota tatu kwa ajili ya ile patasi, maana kwenye chuma cha pua kazi inafanya, siwezi kuikana. Lakini patasi ningeweza kuilaza kwenye friza usiku mmoja, gundi ikakauka ikavunjika kama kioo, nikaigonga na kuikwangua, mabaki nikayafuta kwa spiriti. Fremu za mbao zimekuwa zikitakata kwa maji ya moto na magadi siku zote. Sasa hii dawa nimeinunulia nini? Nyota mbili, basi. Na kila nikikumbuka ile "watu wazima wanajua vifaa vyao", hata hizo mbili naona nimezitupa. Moja.

Dumu bado lina robo tatu. Nimeliandika ubavuni kwa wino mzito, ISIGUSE ALUMINI, na nimeliweka juu kabisa, watoto wasipofika.