Boksi la vijitabu vya ligi ya Cornwall/Devon: nililipia 64, nikaletewa 58

Nianze na hesabu, maana hapo ndipo tulipokosana na muuzaji. Tangazo lilisema ni vijitabu 64 vya mechi za ligi ya raga ya Cornwall/Devon, kaunti mbili jirani za kusini-magharibi mwa England, kutoka msimu wa kwanza hadi wa mwisho, hali nzuri. Nikatoa pauni 35, na pauni 6 za posta juu yake. Boksi lilipofika nikakaa chini sebuleni nikahesabu mara mbili: 58. Humo humo vinne ni pacha, mechi ile ile na tarehe ile ile. Na "hali nzuri" ni ya mtu asiye na pua. Yale makaratasi yamelala mahali penye unyevu miaka mingi, pini zimeshika kutu hadi zimeacha alama ya kahawia kwenye kurasa za katikati, na mke wangu aliuliza kama nimeleta viatu vya mtu nyumbani.

Sasa niseme kwa nini sikuvirudisha.

Msimu wa kwanza upo kweli. Ni wa 1987, mwaka ambao raga ya England ilipangwa kwa ngazi kwa mara ya kwanza, zaidi ya klabu elfu moja, kutoka vigogo wa miji mikubwa hadi timu ya kijiji inayobadilishia nguo nyuma ya baa. Kabla ya hapo makatibu wa klabu waliandikiana barua tu. Ulicheza na jirani yule yule kila mwaka, ukafungwa, ukanywa, ukarudi nyumbani bila kushushwa daraja na mtu yeyote. Mdhamini alikuwa Courage, watengenezaji wa bia, na nembo yao ya jogoo iko pale kwenye jalada. Mimi nilikulia Nakuru enzi ambazo jogoo alikuwa wa chama tawala, kwa hiyo nikimwona kwenye karatasi mkono bado hutafuta kalamu.

Ligi ya Cornwall/Devon ilikaa chini ya ligi ya Western Counties na juu ya ligi za kaunti moja moja. Ukiwa bingwa ulipanda kwenda Western Counties. Ukishika mkia ulirudishwa kwenu: mtu wa Cornwall aliangukia Cornwall 1, wa Devon aliangukia Devon 1. Yaani kila mtu alishuka kwa upande wake wa mto Tamar, mpaka wa kaunti hizo. Na mto huo una mambo yake. Daraja la magari lilifunguliwa 1961, na ushuru wake unatozwa upande mmoja tu, ukiwa unatoka Cornwall. Kuingia ni bure. Wenyeji wa Cornwall wana mizaha yao kuhusu hilo, na wa Devon wana yao, na nimezisikia zote kwenye basi moja. Nyuma ya kijitabu kimoja mtu amepiga hesabu za safari kwa penseli: mafuta, daraja, pasti 18. Pasti ni mkate wa nyama na viazi uliokunjwa kama sambusa iliyoshindwa kujizuia kukua. Kumi na nane, kumbuka. Kikosi kamili ni watu 15, na katika hao 18 dereva amehesabiwa.

Ukurasa wa katikati ndio unaostahili pesa. Pale ndipo orodha za vikosi zilipochapwa, namba 1 hadi 15, wenyeji kushoto na wageni kulia. Zilichapwa Jumatano au Alhamisi. Jumamosi saa nane mchana ilikuwa hadithi nyingine, na mwenye vijitabu hivi, sijui alikuwa nani ila alikuwa mtu makini, alisimama kando ya uwanja akiwa na penseli kusahihisha. Jina limekatwa, jingine limeandikwa pembeni. Vijitabu vya miaka ya mwanzo vina mistari miwili mitatu tu ya penseli. Kimoja cha Aprili 1991 hakina hata mmoja, na tangazo kubwa ndani yake ni la mabasi ya kwenda Twickenham, uwanja mkuu wa raga kule London, ambako Cornwall waliifunga Yorkshire 29–20 baada ya muda wa ziada na kuchukua ubingwa wa kaunti kwa mara ya kwanza tangu 1908. Wiki hizo nadhani hakuna aliyetaka kuachwa nje ya chochote chenye harufu ya raga.

Kisha fungua vya msimu wa 1998. Machi mwaka huo mgodi wa South Crofty ulifungwa, wa mwisho kuchimba bati Cornwall nzima. Geevor, kule karibu na St Just, ulikuwa umefungwa 1990. Kwenye orodha moja ya timu ya upande huo majina sita yamekatwa. Mbele wamekatwa wanne, na namba 8 amehamishiwa namba 2, katikati ya safu ya mbele. Anayeijua raga ataguna. Huwezi kuchukua mtu yeyote ukamtia safu ya mbele ya skramu, pale timu mbili zinapofungana vichwa na kusukumana, shingo itavunjika. Timu ikikosa watu waliofundishwa kazi hiyo, refa anaamuru skramu za kutosukumana, na mchezo unageuka kitu kingine kabisa.

Hivyo ndivyo nilivyoingia mimi. Niliona jalada la kijitabu fulani kwenye picha ya tangazo, la 2004, nikajua nitanunua boksi zima hata likija na panya. Nilikuwa mgeni Plymouth, nimekwenda kutazama tu, nimevaa jaketi la baridi na viatu vya kazini. Jamaa mmoja akanitazama mabega, akaniuliza kama nimewahi kucheza. Nikamwambia nilikuwa propu Nakuru, yaani mtu wa safu ya mbele. Hakuuliza swali la pili, akaenda kunitafutia njumu. Na kwenye kijitabu, upande wa wageni, namba 3 imechapwa A. N. Other, jina ambalo Waingereza huliandika wakiwa hawajampata mtu. Lile pengo ndilo nililolijaza. Penseli imelikata, na pembeni pameandikwa "Kenya". Tulifungwa, na sikio langu la kushoto halijawa sawa tangu siku hiyo.

Kuna kijitabu cha 2001 ambacho mechi yake haikuchezwa. Ugonjwa wa miguu na midomo ulikuwa umeingia kwenye mifugo, Devon ikaathirika vibaya, na wakulima hawakutoka mashambani. Kimegongwa muhuri wa kuahirishwa. Ukurasa wa katikati ni safi kabisa, kikosi kizima kipo, watu 15 kila upande.

Majalada ya baadaye hayana jogoo tena. Yana jina la Tribute, bia ya St Austell, ya hapo hapo Cornwall. Matangazo ya mabucha na magereji yanapungua, penseli inaongezeka. Msimu wa 2020–21 haumo, wala haungekuwamo, ulifutwa kwa sababu ya korona, kwa hiyo hapo simdai muuzaji kitu. Vile sita vilivyopungua alikubali, akanirudishia pauni 4 bila maneno mengi. Nampa nyota tatu. Ningempa nne kama angetaja unyevu.

Ukinunua boksi la namna hii, usilifungue jikoni. Vitandaze kwanza mahali penye hewa, usivianike juani maana karatasi ya jalada hujikunja.

Cha mwisho ni cha majira ya kuchipua 2022, kabla chama cha raga cha England hakijapanga upya ngazi za chini na kuleta majina mapya ya Counties yenye namba. Si kijitabu hata. Ni karatasi moja ya A4 iliyokunjwa katikati. Ndani hakuna jina lililochapwa. Kuna namba 1 hadi 15 kila upande, na mbele ya kila namba mstari mtupu wa kujaza kwa mkono. Wenyeji wamejazwa hadi 13. Muuzaji alikihesabu kama kijitabu, nami nimemwachia: 58 pamoja nacho.