Kupima VVU Umasaini: kujipima mwenyewe au huduma ya mkoba?

Kwa mwenzangu unayepanga upimaji Longido au Kajiado, swali hili haliishi: tugawe vipimo vya kujipima, au tupeleke huduma ya mkoba, yaani wahudumu wanaowafuata watu walipo, mnadani?

Kwa usiri, kujipima kunaongoza. Unapitisha kijiti kwenye fizi za juu na za chini, unakitumbukiza kwenye kichupa, unasubiri dakika 20. Hakuna kuchomwa kidole wala foleni ya kuonekana na mashemeji. Ila morani, kijana shujaa wa Kimasai, hata chakula hali peke yake, na dakika 20 za upweke bomani si rahisi kuzipata. Na koko (bibi) anayejua Kimaa tu, asiyesoma, nani atamsomea maelekezo? Hapo siri imekwisha.

Mkoba una gharama zaidi: gari, mafuta, posho. Ukame ukihamisha mifugo, watu nao wamehama. Lakini mhudumu anayezungumza Kimaa, aliyetanguliwa na baraka za laigwanani (kiongozi wa jadi), anaweza kupima vijana wengi wa rika moja kwa siku, na mwenye majibu chanya anashikwa mkono palepale. Kwangu hilo ni kubwa mno, maana aliyejipima akaona mistari miwili bado lazima akathibitishe kituoni, na kituo chaweza kuwa mwendo wa siku.

Uhakika? Njia zote mbili zaweza kutoyaona maambukizi mapya. Pima tena miezi 3 baada ya tukio la hatari ya kuambukizwa.

Vijana wanaolinda mageti Arusha na Nairobi, wenye kituo jirani, wape vijiti. Kwa wanawake wa bomani, tafuta mhudumu mwanamke, uende naye.