Kupimwa kumbukumbu na umakini kwa kijana aliye katika hatari ya saikosisi: tathmini ya kliniki moja ya Upper Hill, Nairobi

Kliniki hii ya kibinafsi huwapima vijana ambao madaktari wanahofia huenda wakapata saikosisi, yaani hali ambayo mtu husikia sauti wasizozisikia wengine au hushikilia imani isiyo na msingi hata akionyeshwa ushahidi wa namna gani. Jina lake nitalihifadhi ili mpwa wangu aliyepimwa pale asitambulike. Upimaji wenyewe unafaa kulipiwa, lakini lugha ya majaribio na namna ripoti inavyoandikwa ni kasoro kubwa, na mzazi asiyejua cha kuuliza anaweza kutoka na hofu zaidi ya ile aliyoingia nayo.

Mpwa wangu yuko kidato cha tatu. Alikuwa ameanza kuwashuku wenzake wa bwenini, alama zake zikashuka, na mara nyingine alisikia akiitwa jina pasipo mtu, ingawa mwenyewe alikubali kwamba huenda ni mawazo yake tu. Dalili hafifu za namna hiyo, ambazo mhusika bado anaweza kuzitilia shaka, ni miongoni mwa vigezo vilivyowekwa Melbourne katika miaka ya 1990 na watafiti kama Alison Yung na Patrick McGorry, na ndivyo vinavyoongoza kliniki nyingi za aina hii hadi leo. Mwanasaikolojia alitueleza mapema, kabla hata ya kufungua faili, kwamba wengi wa vijana wanaotimiza vigezo hivyo hawafikii saikosisi. Katika tafiti zilizojumlishwa, wanaofikia ndani ya miaka miwili ni takriban mmoja kati ya watano. Kwa maelezo hayo peke yake ninampa alama za juu, kwa sababu dada yangu alikuwa amekwisha kuambiwa na majirani kwamba mtoto ni wa kupelekwa Mathari, hospitali ya magonjwa ya akili.

Jambo lililonishawishi kwamba wanaijua kazi yao ni kuahirishwa kwa kipimo cha kwanza. Kijana alisema hakuwa amelala vizuri, na mwanasaikolojia akakataa kuendelea, akieleza kuwa usingizi haba hushusha umakini na kasi ya kufikiri hata kwa mtu mzima wa afya. Aliuliza pia kuhusu bangi, miraa, huzuni ya muda mrefu na dawa anazotumia, tena alimuuliza akiwa peke yake, mama akisubiri nje. Bila maswali hayo, alama ndogo haiwezi kufasiriwa.

Majaribio yenyewe yalikuwa ya kawaida katika fani hii: kukariri orodha ya maneno inayosomwa zaidi ya mara moja, kurudia tarakimu kuanzia mwisho, kuoanisha alama na namba kwa haraka, kuunganisha vidoto kwa mfuatano. Maneno ya orodha sitayataja, maana jaribio likishasambaa halipimi tena kitu. Ninachoweza kusema ni kwamba yalikuwa ya Kiingereza, na baadhi yake ni majina ya vitu ambavyo mtoto wa mtaa wa Kayole hukutana navyo vitabuni tu. Pengo lilidhihirika zaidi alipoambiwa ataje wanyama wengi iwezekanavyo kwa sekunde 60. Kwa Kiingereza alikwama upesi, akawa anaangalia dari. Nilipoomba arudie kwa lugha yoyote, alimimina nungunungu, ngiri, kongoni, pofu, kicheche, fisi, akachanganya na majina ya Kikamba aliyofunzwa na nyanyake, hata mpimaji akashindwa kuandika kwa kasi ile. Hata hivyo, alama iliyoingia kwenye ripoti ni ile ya Kiingereza, kwa hoja kwamba ndiyo pekee yenye viwango vya kulinganishia.

Na viwango hivyo vilikuwa vya Marekani. Hapa ndipo ninapoilaumu kliniki kwa dhati. Tafiti kuhusu vijana wa Kenya walio katika hatari hii zimefanywa, zikiwamo za watafiti Daniel Mamah na David Ndetei, kwa hiyo suala si geni nchini. Kliniki ingeweza angalau kuandika kwenye ukurasa wa kwanza kwamba kijana amelinganishwa na vijana waliosoma katika mazingira mengine. Badala yake, ripoti ilisema kwa Kiingereza kigumu kwamba kumbukumbu yake ya maneno iko chini ya wastani. Ni kweli kwamba vijana walio katika hatari, wakitazamwa kama kundi, hupata alama ndogo kuliko wenzao, na wale ambao baadaye hupata saikosisi huwa wamepungukiwa zaidi, hasa katika kumbukumbu ya maneno na kasi. Lakini wastani wa kundi hautabiri yatakayompata mtoto mmoja, na dada yangu hakulijua hilo hadi aliporudi kuomba aelezwe upya. Mwanasaikolojia alimweleza kwa Kiswahili, kwa subira, bila kumtoza.

Huduma hii ningempendekezea mzazi ambaye mtoto wake amekwisha kuonwa na daktari wa magonjwa ya akili, na anayetaka rekodi ya mwanzo ambayo mtoto atalinganishwa nayo yeye mwenyewe akipimwa tena baada ya mwaka. Anayetaka kujua kama mwanawe ataugua asiende, kwa kuwa hakuna kipimo cha namna hiyo. Ada haikubandikwa popote, nasi tuliambiwa tukiwa tumekwisha kufika, hivyo piga simu kwanza, uulize pia kama bima yenu inalipia, na uombe mapema kwamba kila jaribio linaloweza kufanywa kwa Kiswahili lifanywe kwa Kiswahili na matokeo yake yaandikwe kando ya yale ya Kiingereza.