Miaka 7 na punje za mbwa mkubwa, hapa Malindi

Jahazi ametimiza miaka 7 mwezi uliopita. Ni shepadi wa Kijerumani, kilo 38, analinda kiwanja changu Maweni, na amekula punje kavu, chakula cha mbwa cha mfukoni, za kampuni moja tangu akiwa na miezi 5. Jina la kampuni nitalisitiri, maana nina sifa zake na nina lawama.

Kabla ya hapo nilimlisha kwa pupa. Nilitaka akue upesi wezi wamwogope. Ugali kwa dagaa wa kusaga, ngumi mbili kila mlo, na vidonge vya kalsiamu juu yake. Akanona kama mbuzi wa Idi. Asubuhi moja nikamkuta anachechemea mguu wa mbele, kesho yake wa nyuma. Daktari wa mifugo alimpapasa viungo, akaniuliza anakula nini. Nikamtajia. Akatikisa kichwa: "Kaka, hiyo mifupa unaiharibu wewe mwenyewe." Kumbe utumbo wa mbwa mchanga haujui kukataa kalsiamu iliyozidi, unaipokea tu, na kwa mbwa wa aina kubwa mifupa na gegedu hukua kombo. Na dagaa wale, miba yao ni kalsiamu tupu! Unene nao unavilemea viungo ambavyo havijakomaa.

Vidonge nilivitupa siku hiyo hiyo. Nikanunua mfuko wa kilo 15 ulioandikwa wa watoto wa mbwa wa aina kubwa. Usichukue ule wa watoto wa mbwa wote, haulingani. Huu kalsiamu yake imeandikwa asilimia 1.2, na haunenepeshi haraka. Milo 3 kwa siku hadi miezi 6, kisha 2. Majirani wakaanza kusema mbwa kakonda. Mbavu zilipapasika kweli, na ndivyo anavyotakiwa awe. Kuchechemea kukaisha taratibu. Alipofika miezi 18 nikamhamishia mfuko wa mbwa waliokomaa, nikichanganya kidogo kidogo kwa wiki nzima. Nilishawahi kumbadilishia ghafla akaharisha ua mzima, sirudii.

Milo 2 imebaki hadi leo. Mbwa wa kifua kirefu kama huyu ukimshindilia mlo mmoja mkubwa tumbo linaweza kujaa gesi na kujipinda, na hilo huua kwa saa chache. Akishakula hatuendi kukimbia ufuoni, anapumzika kwanza.

Sasa lawama. Kipimo kilichoandikwa nyuma ya mfuko ni kikubwa mno, nikikifuata anakuwa pipa. Mimi napunguza kama robo, halafu natazama kiuno chake. Mfuko wenyewe ni wa karatasi, na karatasi haistahimili unyevu wa huku. Mwezi wa Mei, mvua na kusi pamoja, mmoja uliota ukungu ndani. Niliufukia wote huku roho ikiniuma, lakini sumukuvu, sumu ya ukungu, huliua ini la mbwa, si kitu cha kubahatisha. Siku hizi namimina kwenye ndoo zenye vifuniko vya kubana. Na dukani hapa huisha mara kwa mara, hivyo naagiza Mombasa, unapakiwa kwenye basi, naufuata stendi kwa tuktuk. Mzee jirani yangu akiuona unashushwa huguna: "Mwanangu, mbwa huyu anishinda kwa kula."

Bei ni kali, sikatai. Mwisho wa mwezi namwongezea wali na samaki wa kuchemsha niliyemtoa miba. Mifupa ya kuku iliyopikwa hapati hata akililia, huvunjika vipande vyenye ncha.

Shepadi wa miaka 7 tayari ni mzee, kwa hiyo nilijaribu mfuko wao wa wazee. Akaunusa, akalala kando ya bakuli. Daktari akaniambia nirudi kwenye wa mbwa waliokomaa, nipunguze kipimo, niongeze mafuta ya samaki kwa ajili ya viungo. Anapanda ngazi za barazani bila kusita.

Nyota 4. Ya 5 nitawapa wakibadilisha mfuko.